Singapore: Hata Kaburi Lina Muda Wake

Kibao cha barabara kiliandikwa Jalan Kubor, nami sikuhitaji mkalimani. Mkono wa kushoto magari yalipita Victoria Street bila kupiga honi hata moja. Mkono wa kulia, nyuma ya uzio, mawe ya makaburi yalikuwa yameinama huku na huko chini ya miti mikubwa, mengine yamefungwa vitambaa vya njano vilivyopauka kwa jua na mvua. Hapo walizikwa jamaa wa masultani wa Kimalay na wafanyabiashara wa Kibugis kutoka kisiwa cha Sulawesi, zama Singapore ilipokuwa kituo cha majahazi yanayongoja pepo, kama zilivyokuwa Unguja na Lamu. Nikasimama, nikawasomea Fatiha.

Mzee mmoja aliyetoka kuswali adhuhuri Masjid Sultan, mwendo mfupi tu kutoka hapo, aliniona akangoja nimalize. Nilimwita Pakcik, maana ndivyo nilivyosikia vijana wa huko wakiwaita wazee, sawa na sisi tunavyomwita mtu mzima ami hata kama hatujui kwao ni wapi. Nilipomwambia natoka pwani ya Kenya alicheka, akanijaribu kwa maneno: yeye aseme kubur, mimi kaburi, yeye rezeki, mimi riziki, yeye waktu, mimi wakati, yeye dunia, mimi dunia. Tulipochoka na mchezo huo akaelekeza kidole makaburini na kusema kwa Kiingereza chake cha harakaharaka, "Hawa wana bahati. Baba yangu amezikwa mara mbili."

Mara ya kwanza ilikuwa Bidadari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makaburi ya Bidadari yalifukuliwa, mifupa ikahamishiwa Choa Chu Kang, na leo pale pana maghorofa, bustani na kituo cha treni. Choa Chu Kang ndiyo makaburi ya umma pekee yanayopokea maiti hadi sasa, na tangu mwaka 1998 anayezikwa hapo ana miaka 15 tu. Ikiisha, kaburi hufukuliwa. Ambao dini yao inaruhusu huchomwa moto. Waislamu huzikwa upya, mifupa ya watu kadhaa katika shimo moja. Pakcik alinieleza hayo bila hasira, kama mtu anayekuelekeza basi la kupanda.

Tangu siku hiyo, kila nikimsikia kiongozi wetu akiitaja Singapore, masikio yangu hungoja neno moja ambalo halitamkwi. Husikia nidhamu. Husikia uongozi thabiti, vita dhidi ya rushwa, marufuku ya bigijii ya mwaka 1992 na viboko. Ardhi siisikii.

Lakini kwanza tuiondoe njiani hadithi moja iliyozoeleka. Kila uchaguzi unapokaribia Afrika Mashariki, lazima atokee mtu jukwaani aseme kwamba wakati wa uhuru sisi na Singapore tulikuwa sawa, kisha wao wakapaa nasi tukabaki. Takwimu za Benki ya Dunia hazisemi hivyo. Mwaka 1965, Singapore ilipotengana na Malaysia, pato lake kwa kila mtu lilikuwa karibu dola 500 za Marekani. La Kenya lilikuwa karibu dola 100. Tulikuwa sawa kwa maana ya kutawaliwa na Mwingereza mmoja na kula wali wa nazi. Wenzetu tayari walikuwa mji wa bandari kwenye mlango bahari ambao meli nyingi zinazotoka Ulaya kwenda China huupitia. Leo wamevuka dola 80,000, na bandari yao ilihudumia zaidi ya kontena milioni 41 za futi 20 mwaka 2024, wakati Mombasa ilikuwa ikishangilia kufika milioni 2. Pengo lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Anayesema tulianzia mstari mmoja anatudanganya, na anatudanganya kwa sababu uongo huo unamruhusu kutuuzia dawa moja nyepesi: mnipe mimi nguvu kama alizokuwa nazo Lee Kuan Yew, waziri mkuu wao wa kwanza.

Kwa ukubwa, nchi yenyewe ni kipande. Kilomita za mraba kama 735, ndogo kuliko Pemba, haifiki nusu ya Unguja. Mwaka 1965 ilikuwa ndogo zaidi, 581. Kilichoongezeka ni bahari iliyofukiwa kwa mchanga, mwingi wake wa kununuliwa kwa majirani, hadi Malaysia, Indonesia na Kambodia kwa nyakati mbalimbali zikapiga marufuku kuusafirisha. Katika eneo hilo wanaishi watu milioni sita, na wana uwanja wa ndege mkubwa, viwanda vya kusafishia mafuta, mabwawa ya maji ya mvua na misitu. Sasa jiulize: nani aliyeamua kipi kikae wapi, na aliipata wapi ardhi ya kuamulia?

Jibu lilikuwa mtaani kwa Pakcik.

Anakaa upande wa Geylang Serai. Serai ni mchaichai. Katika karne ya 19 eneo hilo lilikuwa shamba la mchaichai la ukoo wa Alsagoff, Waarabu wa Hadhramaut. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa Wahadhrami ni nani. Ni haohao waliokuja kwetu na jahazi, tasbihi na duka. Ratibu ya Haddad inayosomwa Lamu husomwa na Singapore pia. Huko walifika mapema: Syed Omar Aljunied alihamia kutoka Palembang muda mfupi baada ya Waingereza kutia nanga mwaka 1819, na mwaka uliofuata akajenga msikiti ulio mkongwe kuliko yote nchini humo. Leo jina la ukoo wake ni kituo cha treni. Kina Alsagoff, Alkaff na Aljunied walikusanya majumba na mashamba, mengine wakayawekea wakfu, na kabla ya Vita vya Pili jamii ile ndogo ilikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa ardhi mjini.

Baba yake Pakcik alijenga nyumba ya mbao na bati juu ya ardhi ya Mwarabu mmoja wa aina hiyo. Nyumba yake, ardhi si yake. Kila mwezi alikwenda kulipa kodi ya kiwanja. Nilipomsikia akisimulia, nilidhani anasimulia mtaa wa Majengo, Mombasa, ambako mpaka leo mtu anaweza kurithi nyumba ya babu yake na asirithi hata shubiri ya udongo ulio chini yake. Sisi tuna jina la mfumo huo, nyumba bila ardhi, na tumelizoea hadi hatuoni ajabu yake.

Singapore waliuvunja. Mwaka 1960 waliunda Bodi ya Nyumba na Maendeleo, ambayo kila mtu huiita HDB. Tarehe 25 Mei 1961, siku ya Idi kubwa, moto uliteketeza mabanda ya Bukit Ho Swee na kuwaacha watu wapatao 16,000 bila makazi. Serikali ilitwaa ardhi ile ile iliyoungua na kuanza kupandisha maghorofa juu yake. Kisha ikaja Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1966, na hapa naomba msomaji asome polepole. Serikali ilijipa uwezo wa kuchukua ardhi ya yeyote kwa manufaa ya umma, ya makazi, ya biashara au ya viwanda. Mwaka 1973 ikaongeza kifungu: fidia itahesabiwa kwa bei ya soko ya tarehe 30 Novemba 1973, au ya siku ya tangazo, yoyote iliyo ndogo. Mji ukapanda thamani mwaka baada ya mwaka, fidia ikabaki imegandishwa hapo kwa zaidi ya miaka kumi. Fidia ya bei kamili ya soko haikurudi hadi mwaka 2007, kazi ikiwa imekwisha. Serikali ilikuwa na asilimia 44 ya ardhi mwaka 1960. Mwaka 1985 ilikuwa na 76. Sasa inakaribia 90.

Walioumia walikuwa wengi, na Waarabu wale wakiwa mbele. Tangu mwaka 1947 kodi za nyumba zao zilikuwa zimezuiwa kisheria zisipande, kisha ardhi yenyewe ikaondoka kwa bei ya jana, pamoja na baadhi ya wakfu. Sisemi walionewa zaidi ya wengine. Hata vijiji vya Wachina waliofuga nguruwe vilifagiliwa. Nasema tu kwamba tunapousifu utajiri wa Singapore, tukumbuke kuna watu wenye majina kama yetu ambao babu zao waliulipia.

Upande wa pili wa mizani yupo Pakcik. Fleti yake iko ghorofa ya tisa. Lifti ilifika bila kusubiriwa na haikunuka. Kwenye ujia, kila mlango una viatu nje na vyungu vya maua, na madirishani nguo zimeanikwa kwenye miti mirefu ya mianzi kama bendera. Ndani kuna vyumba vitatu, picha ya Kaaba, feni, kiyoyozi kinachowashwa usiku tu kwa sababu ya bili. Lee Kuan Yew aliwahi kukihesabu kiyoyozi miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa historia, na alipoingia madarakani alihakikisha kinafungwa kwanza kwenye ofisi za watumishi wa umma. Pakcik alifanya kazi yake yote juani, gatini, na hakuwa na haraka nacho. Fleti aliilipa kwa akiba yake mwenyewe. Takriban wanane kati ya kila wakaazi kumi wanaishi kwenye nyumba za HDB, na tisa kati ya kumi wa hao wanaziita zao.

Wanaziita. Hati ya Pakcik ni ya miaka 99 na ilianza mwaka 1976. Siku ya mwisho fleti inarudi kwa mwenye ardhi, yaani serikali, bila fidia. Kama yupo anayedhani ni maneno ya kwenye makaratasi tu, mtaa huohuo wa Geylang, kwenye uchochoro wa Lorong 3, palikuwa na nyumba 191 za hati ya miaka 60. Hati iliisha Desemba 2020, wenye nyumba wakatoa virago, serikali ikachukua ardhi yake.

Huko kwetu Mwingereza aliwapa walowezi wa nyanda za juu hati za miaka 999. Wenyeji wa pwani mwaka 1908 waliambiwa waje waandikishe mashamba yao. Wengi hawakusikia tangazo, au walisikia na hawakuwa na karatasi, na wajukuu zao ndio tunaowaita maskwota. Uhuru ulipokuja, serikali yetu nayo ilikuwa na ardhi nyingi ya umma mkononi. Ilikwenda wapi? Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma Kenya, ilijibu mwaka 2004: kati ya mwaka 1962 na 2002 hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria au utaratibu, za viwanja vya shule, misitu, fukwe, hata makaburi. Linganisha miaka. Miongo ileile ambayo Singapore ilikuwa ikikusanya ardhi kutoka mikono binafsi kuiweka kwenye mkono wa umma, sisi tulikuwa tukiitoa kwenye mkono wa umma kuiweka kwenye mifuko ya watu tunaowajua kwa majina. Mtu aliyejipatia kiwanja cha uwanja wa shule akisimama leo kutuhubiria Singapore, kwa kweli anahitaji moyo mgumu.

Msomaji wa Tanzania amekwishainua mkono, najua. Ardhi kwao ni mali ya umma chini ya Rais. Umiliki wa moja kwa moja ulifutwa mapema tu baada ya uhuru, na mwaka 1971 majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi: ardhi yote ikawa ya serikali baada ya Mapinduzi, vibanda vya Ng'ambo vikabomolewa, na kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yakapanda yale maghorofa marefu ya Michenzani. Kisiwa, bandari, ardhi ya serikali, maghorofa ya umma, miaka ileile. Mbona Michenzani haikuwa Toa Payoh, ule mji wa maghorofa ya HDB?

Hoja hiyo inaniuma, kwa sababu inanionyesha kwamba ardhi peke yake haitoshi, na sitajifanya ninalo jibu la mkato. Lipo la wazi: Zanzibar ilitegemea karafuu na bei yake, Singapore ilikuwa na meli za dunia nzima. Lipo na la kimyakimya, nalo ni matengenezo. Michenzani wakaazi wanajua maana ya kupandisha ndoo ya maji ngazi hadi ngazi. HDB ilijenga zaidi ya nyumba 50,000 katika miaka yake mitano ya mwanzo, jambo la kupiga picha; ila lililonishangaza mimi ni kwamba jengo la Pakcik lina miaka karibu 50 na bomba halivuji. Kila mwezi analipa ada kwa baraza la mtaa, na ada hiyo hupaka rangi, hufagia ujia na kurekebisha lifti. Kutwaa majumba ni kazi ya siku moja ya sheria. Kuyatunza ni kazi isiyo na mkutano wa hadhara wala utepe wa kukata.

Jingine ni pesa zilikaa wapi. Kwenye mfuko wa akiba wa Singapore, CPF, mfanyakazi aliye chini ya miaka 55 hukatwa asilimia 20 ya mshahara na mwajiri huongeza 17. Kubwa mno, kweli. Lakini fedha hizo zimo kwenye akaunti yenye jina lake, zina riba, na tangu mwaka 1968 anaweza kuzitumia kulipia fleti. Kenya tangu mwaka 2024 tuna sheria ya nyumba za bei nafuu: asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Ndogo, kweli. Akaunti yenye jina lako haipo. Unalipa kama kodi, na nyumba ikijengwa unaomba kama mwingine yeyote. Anayesema mpango wetu umeigwa Singapore ameiga kukata mshahara tu.

Tena wanapouza haki ya kutumia ardhi kwa wajenzi binafsi, fedha haziingii kwenye bajeti ya mwaka huo. Huenda kwenye akiba ya taifa, na serikali iliyopo haiwezi kuzigusa ipendavyo. Akiba hiyo huwekezwa na mashirika kama Temasek na GIC, na mkono wake umefika hadi kwetu: mwaka 2013 kampuni ya Pavilion Energy, iliyokuwa mali ya Temasek, ilikubali kulipa karibu dola bilioni 1.3 ili ipate asilimia 20 ya vitalu vitatu vya gesi kwenye bahari ya kusini mwa Tanzania. Nchi isiyo na gesi ilikuja kununua fungu kwenye gesi ya nchi ambayo wananchi wake wanapikia mkaa. Sijui nicheke au nifanye nini.

Sasa gharama. Serikali ikiwa mwenye nyumba wa watu wanane kati ya kumi, kura inakuwa na harufu ya kodi ya pango. Kwenye uchaguzi wa mwaka 1997 waziri mkuu wa wakati huo, Goh Chok Tong, aliwaeleza wapiga kura waziwazi kwamba mitaa itakayochagua upinzani itakaa mwisho wa foleni ya kukarabatiwa. Chama cha PAP kinatawala tangu mwaka 1959. Mei 2025 kilipata viti 87 kati ya 97. Wengi wanakichagua kwa kuridhika, sina shaka. Pakcik mwenyewe hakunificha kwamba hukipigia. Nilimuuliza kama aliwahi kujaribiwa kufanya vingine. Alitazama dirishani kidogo, kisha akaniuliza kama nimeshiba.

Jengo lake pia lina hesabu ya kabila. Tangu mwaka 1989 kila jengo lina kiwango cha juu cha Wachina, Wamalay na Wahindi, ili pasiwe na mtaa wa kabila moja. Mpango mzuri, hasa kwa mtu aliyeiona Kenya ya mwanzoni mwa 2008. Hasara yake huangukia walio wachache: Mmalay anayetaka kuuza fleti mahali ambapo kiwango cha Wachina kimejaa hawezi kumuuzia Mchina, ambao ndio wanunuzi wengi, basi hungoja, au hupunguza bei.

Tulishuka kula kwenye soko la Geylang Serai, ghorofa ya juu, vibanda vimepangana, moshi wa nyama ya mishikaki ukiingia machoni. Juu ya meza moja tupu palikuwa na pakiti ndogo ya tishu. Nikavuta kiti. Pakcik akanishika mkono: meza ina mwenyewe, yuko kwenye foleni, tishu ndiyo alama yake. Watu walipita na trei zao, wakaiona tishu, wakaenda kutafuta meza nyingine. Baada ya kula niliacha trei yangu mezani, akanirudisha tena. Tangu mwaka 2021 unaweza kutozwa faini usipoipeleka mwenyewe.

Wachuuzi hawa wanasifiwa dunia nzima. Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wao kwenye orodha yake ya urithi. Babu zao walikuwa wakipika barabarani na kukimbizwa na askari, kama wanavyokimbizwa na kanjo Nairobi na mgambo Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wachuuzi wapatao 18,000 wa barabarani waliandikishwa, na ilichukua hadi mwaka 1986 kumaliza kuwahamishia kwenye masoko. Zaidi ya miaka 15. Na masoko yenyewe yalijengwa chini ya majengo waliyoishi watu, karibu na vituo vya mabasi, kwa kuwa ardhi hiyo ilikuwa ya serikali na hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Kwetu amri hutoka Jumatatu, tingatinga Alhamisi, na soko jipya liko mahali ambapo mteja hafiki bila kupanda magari mawili.

Kuna watu ambao hesabu hii yote haiwahusu. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, niliona malori yakipita na wanaume wameketi nyuma, kwenye bodi, miguu imekunjwa: Wabangladeshi na Wahindi wanaokwenda kujenga fleti ambazo hawataruhusiwa kununua. Wanalala kwenye mabweni pembezoni mwa mji. Mwaka 2020 korona ilipoingia kwenye mabweni hayo yaliyokuwa na watu zaidi ya 300,000, karibu nusu yao waliambukizwa kabla mwaka haujaisha, na walifungiwa humo muda mrefu baada ya raia kuachiwa watembee. Wasichana wa kazi kutoka Indonesia, Ufilipino na Myanmar walipata haki ya kisheria ya siku moja ya mapumziko kwa wiki mwaka 2013 tu. Kila miezi sita hupimwa afya, mimba ikiwamo. Jumapili niliwaona wamekaa kwenye ngazi na vibarazani Orchard Road, vyakula kwenye mikebe, simu mkononi wakiongea na watoto. Kila familia ya pwani ina binti Saudia au Oman. Sikuhitaji mkalimani hapo pia.

Siku ya mwisho nilirudi kuaga. Pakcik alinipa mfuko wa kerupuk, vibanzi vyao vya kukaanga, niwapelekee watoto, akanisindikiza hadi kituoni akitembea polepole. Nikampigia hesabu ya hati: iliyoanza 1976 itaisha 2075. Akasema yeye atakuwa amekwishamaliza ile yake ya miaka 15 zamani, na wanawe watakuwa wazee, hilo waliangalie wao. Kisha akaniuliza kitu ambacho nadhani alikuwa nacho tangu siku ya kwanza pale Jalan Kubor: kwetu kaburi la baba ni la miaka mingapi?

Nikamwambia halina miaka, ni la daima. Liko shambani Kilifi, chini ya mkanju alioupanda mwenyewe. Pakcik alitikisa kichwa taratibu, kwa wivu kidogo, nikaona. Treni ikaingia na sikupata nafasi ya kumweleza yaliyobaki: kwamba shamba hilo halijawahi kuwa na hati, na kwamba mwaka juzi tulikuta vigingi vya mpima ardhi vimepigwa hatua kumi kutoka kaburini, na hadi leo hatujaambiwa ni vya nani.